Damu ya Bwana Dresa

Siku niliyoajiriwa sikuwa nimekwenda kutafuta kazi ya hospitali. Nilikuwa nimetoka kwetu Mpimbwe, nusu ya safari kwa miguu na nusu kwa lori la mpunga, nikitaka kazi ya machimbo Mpanda kama vijana wote wa rika langu. Njiani kisiki kikanichoma mguu. Nilipofika mjini nikaingia hospitali ya serikali ili wanioshe kidonda.

Mbele yangu kwenye foleni palikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa ameshika karatasi aliyopewa na anaigeuza huku na huku. Nikamsomea: achemshe maji ya kunywa, ampe mtoto dawa mara tatu kwa siku, arudi Jumatatu. Nilipoinua macho nikamwona mtu mmoja amesimama mlangoni ananitazama. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikawa kama makali ya kisu.

"Umesoma wapi?" akaniuliza.

"Kwa mapadri, bwana. Mpaka darasa la sita."

"Mguu umefanya nini?"

"Kisiki."

"Ukipona, njoo unione."

Huyo ndiye aliyekuwa dresa mkuu, yaani mkubwa wa wafunga vidonda, na kila mtu pale alimwita Bwana Dresa. Mguu ulipopona nilikwenda kumwona, na machimbo sikuyaona mpaka leo.

Mwanzoni nilidhani nimeajiriwa na hospitali. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba nimeajiriwa na kitu kikubwa zaidi, ambacho hakuna aliyewahi kukiona chote. Sisi tulikiita Idara. Idara ilikaa Dar es Salaam, na ilikuwa na watu Tabora, Kigoma, Tanga, Songea, kila mahali. Karani alinipa namba kabla sijapewa sare, akaniambia niishike kichwani, maana barua zote za Idara zingenitaja kwa namba ile. Kweli, kwa miaka yote niliyoitumikia, sidhani kama Idara ilijua nina sura gani.

Lakini ilitulisha, ikatuvika, ikatupa nyumba za matofali zenye mabati, na ikatufundisha. Nisiseme uongo, nilijivunia. Nikirudi likizo nyumbani, baba yangu ambaye alikuwa mkulima wa mpunga alinitambulisha kwa wageni akisema, "Huyu ni mtu wa Idara," nao walinisalimia kwa mikono miwili.

Idara ilikuwa na vituko vyake. Mwaka wangu wa pili tuliandika kuomba mipira ya kutandika vitandani, ile ya kuzuia godoro lisiloane. Ombi lilikwenda kwa kopi tatu. Baada ya miezi minne treni ikaleta kasha kubwa. Tukalifungua tukakuta makoti ya mvua. Kumbe kwa Kizungu vitu hivyo viwili vina jina moja. Bwana Dresa aliyatazama makoti yale bila kucheka, akasema, "Masika yanakuja. Gaweni." Mvua hiyo ya masika watumishi wa hospitali ya Mpanda tulitembea mjini kama maafisa, na wagonjwa waliendelea kulalia magunia.

Bwana Dresa alikuwa mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, Mwislamu, mwenye maneno machache. Wakati wa vita vya kupigana na Wajerumani na Wajapani alikuwa jeshini, akiwafunga askari vidonda huko Burma, na desturi za jeshi hazikumtoka. Tulimwogopa. Ukifunga bendeji ikalegea, aliifungua mbele ya mgonjwa, akaikunja upya, akakupa bila kusema neno, ukaanza tena. Lakini hakuna aliyefundisha kama yeye. Mimi alinitoa kwenye kumwaga vyombo vya wodini, akanifundisha kufunga vidonda, kisha kuchoma sindano, na mwisho akanikalisha mbele ya hadubini.

Hadubini ilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye kitasa. Haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, ulikielekeza dirishani ili kikamate jua, kwa hiyo kazi ilikuwa ya mchana tu, na siku za mawingu tulikaa tukisubiri. Alinionyesha damu mbichi. Chembe zake zimetulia kama mbegu zilizomwagwa juu ya meza.

"Chembe za damu hazina miguu," akaniambia. "Ukiona zinasukumwa, yupo anayesukuma. Mtafute huyo."

Aliyekuwa anatafutwa ni mdudu wa malale. Upande wa Inyonga, ndani ya ile miombo mikubwa, kuna ndorobo, inzi mwenye kuuma kama sindano, na huyo ndiye anayeileta malale. Mtu anaanza kwa homa, kichwa, viungo. Halafu usingizi wake unageuka, usiku hapati, mchana unamwangusha. Asipotibiwa hufa, na malale ya kwetu haikawii kuua. Ikigunduliwa mapema, sindano zinamwokoa. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa ni kugundua.

Ikaja barua ya mistari miwili. Namba yangu na namba ya Bwana Dresa zimehamishiwa kituo cha malale upande wa Inyonga, ziripoti mara moja. Nilikuwa nimeoa miezi mitatu tu. Mke wangu aliuliza tunakwenda kwa muda gani, nikasoma barua tena mbele na nyuma, haikusema.

Kituo kilikuwa banda la kupimia, wodi ndogo ya vitanda sita, stoo, na nyumba mbili za watumishi zilizotazamana. Kubwa ilikuwa ya dresa mkuu na mke wake, ndogo ya msaidizi, yaani mimi. Daktari, Mzungu mwenye wilaya nzima ya kuzungukia, alikuja na Landrova mara moja kwa mwezi, mvua zikiruhusu. Siku nyingine zote mkubwa alikuwa Bwana Dresa.

Watu walikuja tangu asubuhi, Wakonongo wengi wao, warina asali waliotoka porini wakinuka moshi na nta, na wake zao na watoto. Tuliwatoboa kidole, tukachukua tone la damu, tukalipaka kwenye kipande cha kioo, tukalitia rangi, tukalisoma. Vioo tuligawana nusu kwa nusu. Kila kilichosomwa kiliandikwa kwenye daftari kwa namba, jina, kijiji, na matokeo, na chini yake herufi za jina la aliyesoma. Kisha kioo chenyewe kilitunzwa ndani ya sanduku kwa miezi mitatu, ili daktari akija achague vichache avikague. Hiyo ilikuwa amri ya Idara. Ilikuwepo amri nyingine pia: kila mwezi watumishi wenyewe wapimwe. Mimi nilipimwa na Bwana Dresa. Bwana Dresa alijipima mwenyewe, maana hapakuwa na mkubwa wake wa kumpima, na mimi sikuona ajabu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, kiangazi kilipoanza, nikaona siku moja Bwana Dresa amefunga vifungo vya shati upande upande. Kwa mtu mwingine ningecheka. Kwake nilishtuka kama niliyemwona uchi. Wiki hiyohiyo alimfokea mzee mmoja aliyechelewa kunyoosha kidole, akamfokea mpaka mate yakamtoka. Halafu siku nyingine nikamkuta amelala juu ya daftari saa nne asubuhi, kalamu mkononi, wino umemwagika. Watu kwenye benchi walikuwa wanatazama chini.

"Nimechoka tu," akasema nilipomgusa bega. "Joto la mwaka huu."

Wanawake walijua kabla yangu. Mke wangu alirudi kisimani jioni moja, akatua ndoo, hakuongea mpaka tulipokwisha kula.

"Mama wa pale mbele analia," akaniambia. "Anasema mzee hapati usingizi. Anazunguka ndani mpaka kunapambazuka, halafu usingizi unamwangusha, hata swala ya asubuhi inampita. Na kichwa kinamuuma kila siku. Amekatazwa asiseme."

"Kwa nini basi amekwambia wewe?"

"Ameniambia mimi ili nikwambie wewe. Hujaelewa?"

Nilielewa. Nilielewa tangu siku ya wino, ila nilikuwa najizuia. Mtu yule alikuwa ameniokota kwenye foleni, nina kidonda mguuni, akanifanya niwe nilivyo. Na nilijua anachoogopa. Mwaka uliotangulia dresa mmoja wa kituo cha jirani alipata malale. Alipona, lakini Idara ilimwandikia kwamba hafai tena kwa kazi, mistari miwili kama kawaida, akafunga mizigo akaondoka. Siku tulipozisikia habari zile Bwana Dresa hakula chakula cha mchana.

Kwa siku kama tano nilijifanya sijui. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku ya sita nilikuwa napanga hesabu ya mwezi ya wagonjwa ili daktari aikute tayari, nikapita kwenye daftari ukurasa kwa ukurasa. Penye herufi zangu wagonjwa walipatikana, mmoja huku, wawili kule, kama kawaida ya msimu. Penye herufi za Bwana Dresa, kwa wiki tatu nzima, hapakuwa na hata mmoja. Hamna, hamna, hamna, mpaka chini.

Nikarudia kuhesabu. Watu wale walikuwa wametoka porini pamoja, kwa njia moja, wakaumwa na ndorobo walewale.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya kusali na mke wangu nikachukua ufunguo, nikafungua sanduku la vioo, nikaelekeza hadubini dirishani, nikavisoma vioo vyake vyote vya wiki zile tatu, kimoja baada ya kimoja. Mke wangu aliniletea uji, ukapoa. Alasiri nilikuwa nimekwisha kuvipata viwili. Wadudu walikuwemo wazi kabisa, wamepindapinda katikati ya chembe. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angewaona. Kimoja kilikuwa cha mwanamume mrina asali. Cha pili kilikuwa cha mwanamke wa kijiji hichohicho, aliyekuja kupimwa siku kumi na nane kabla. Wote walikuwa wameambiwa wako salama, wakarudi nyumbani.

Nilivifunga vioo viwili kwenye leso, nikavuka uwanja, nikapiga hodi. Mke wake alinitazama usoni, akasogea pembeni bila kuniuliza. Bwana Dresa alikuwa ameketi juu ya mkeka nyuma ya nyumba, tasbihi mkononi, macho mekundu.

"Mzee," nikasema, "shikamoo. Nina vioo viwili naomba unisaidie kuvitazama."

"Leo Jumapili, bwana mdogo."

"Najua, mzee. Jua bado liko juu."

Alinyanyuka polepole, akavaa viatu, tukaenda bandani. Akaketi. Akainama juu ya hadubini. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama mkono wake wa kulia, ule unaotakiwa kuzungusha skrubu ili picha isimame vizuri. Mkono haukugusa skrubu. Ulikuwa umelala tu juu ya meza.

"Hamna kitu," akasema.

"Zungusha kidogo, mzee. Halafu sogeza kushoto."

Alizungusha. Akasogeza. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yumo. Hiki kimesomwa na nani?"

"Wewe, mzee."

"Na hicho kingine?"

"Wewe pia."

Akaliondoa jicho lake kwenye hadubini, akafuta uso kwa kiganja. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, akitazama ukuta, "Siku ya kupima watumishi, mwezi uliopita, nilijitoboa kidole. Nikamwona. Nikakiosha kile kioo kwa maji na sabuni, nikaandika hamna."

Nikakirudisha kioo cha pili kwenye leso.

"Wakati ule nilikuwa bado naona vizuri," akaendelea. "Nilisema nitajitafutia sindano mwenyewe, taratibu, Idara isijue. Halafu siku zikapita. Sijui hata zilipita vipi. Nainama hapa, naona chembe, halafu sioni. Bwana mdogo, mimi watu wananiita Bwana Dresa tangu nina ndevu changa. Nikirudishwa kwetu ziwani na karatasi ya kusema sifai, wataniita nani?"

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya siku ile, na sikurudia tena.

"Na huyu mama je?" nikasema. "Siku kumi na nane, mzee! Yeye wamwite nani?"

Nje kuku walikuwa wanaparura. Bwana Dresa alivuta pumzi, akakunja mkono wa shati, akaniwekea kidole chake mezani.

Nilimtoboa. Niliifunika damu ikiwa mbichi, nikaiweka chini ya hadubini, na sikuhitaji kutafuta. Chembe zilikuwa zinasukumwa kila upande. Nilitaka kumwambia kwa maneno, yeye akanigusa nipishe. Akainama akawatazama wadudu wake mwenyewe wakiogelea.

"Ni wao," akasema. "Lete daftari."

Alinitajia mwenyewe kila kitu, nami nikaandika: jina lake, cheo chake, kituo, matokeo. Kisha akaniamuru niandike na vile vioo viwili, na jina la aliyevisoma, na siku alizovisoma. Kalamu yangu ilisita hapo.

"Andika," akasema. "Usiache nafasi."

Asubuhi ya Jumatatu nilimtuma tarishi kwa daktari na barua, nami nikapanda baiskeli kuelekea kile kijiji, dawa na sindano nimezifunga nyuma. Ulikuwa mwendo wa saa tatu kwa njia ya mchanga, na ndorobo walinifuata wakinigonga mgongoni. Yule mwanamume nilimkuta mbele ya nyumba yake, amekonda, anatetemeka homa juani. Alikubali kuja bila maswali. Ndugu zake walimbeba kwa machela jioni ileile. Nitasema hapa hapa kwamba alipona.

Nyumba ya yule mama ilikuwa mwisho wa kijiji. Mume wake alikuwa anatengeneza mzinga wa gome la mti. Kabla sijasema kilichonileta, niliona kaburi jipya nyuma ya nyumba, udongo bado mwekundu, na kibuyu kimewekwa juu yake.

"Tulimzika Ijumaa," akasema.

Nilimpa pole. Nikakaa chini. Kisha nikamweleza. Nilimwambia damu ya mke wake ilikuwa na malale tangu siku ile aliyokuja kituoni.

"Nyie mlisema hana," akasema.

"Tulisema hana. Tulikosea."

Aliendelea kulikunja lile gome, mikono yake ikifanya kazi peke yake. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari kabisa, hata ningefurahi. Mwishowe akauliza, "Watoto wangu je? Walikuwa wanakwenda naye porini."

"Walete kesho. Nitawapima mwenyewe, mara mbili."

Aliwaleta, watatu, kabla ya jua kupanda vizuri. Mdogo alikuwa amebebwa mabegani. Nilivisoma vioo vyao, nikapumzisha macho, nikavisoma tena. Hapakuwa na kitu. Nilipomwambia aliitikia kwa kichwa, akawachukua akaondoka. Hakusema asante, na ilikuwa haki yake.

Daktari alifika Jumatano. Alisoma daftari akiwa amesimama, kisha akaketi akalisoma tena.

"Hili la vioo," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "ungeweza kuliacha. Mimi nisingejua."

"Yeye ndiye aliyesema niandike, bwana."

Alimtazama Bwana Dresa aliyelala kwenye kitanda cha wodi, akatia sahihi yake chini ya maandishi yangu. Walimpeleka Mpanda kwa Landrova, apande treni hadi Kaliua na kisha Tabora, kwa sababu ugonjwa ulikwisha kuingia kichwani, na dawa ya hatua ile ilikuwa kali, ilichoma mishipa, haikutolewa vituoni kwetu. Wakati tunampandisha garini alinishika mkono.

"Yule mama ameacha watoto?"

"Watatu. Nimewapima, ni wazima."

Akafumba macho.

Baada ya hapo zikaanza barua. Ya kwanza ilisema namba yangu inakaimu kazi ya dresa mkuu. Ya pili ilisema kwa kuwa nyumba kubwa ni ya mwenye cheo, mwenye namba hiyo ahamie humo, na waliomo wahame. Waliomo alikuwa mke wa Bwana Dresa peke yake, na hakuwa na pa kwenda, maana hakutaka kurudi ziwani bila mume wake.

Nilimsomea mke wangu barua ile. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Mama huyu hatoki pale," akasema, "mpaka mume wake arudi, au mpaka ijulikane harudi."

"Ni amri ya Idara."

"Idara iko wapi? Ije imtoe yenyewe."

Nilikuwa nimekaa miaka kadhaa kwenye Idara, nikajua kitu kimoja kuihusu: haina haraka. Nikajibu kwamba nyumba kubwa ina paa linalovuja, naomba maelekezo. Jibu lilichukua wiki saba. Likataka nieleze linavuja wapi. Nikaeleza. Wakataka kopi nyingine mbili. Nikawapelekea. Walituma fundi kutoka Mpanda, akapanda juu, akasema halivuji; nikaandika kwamba fundi amefika, na ninasubiri taarifa yake rasmi. Kati ya barua na barua, mke wangu na mama yule walilima bustani moja ya mchicha na bamia, wakachota maji pamoja, na kila Ijumaa mama yule alituletea sahani ya wali. Huo ndio udanganyifu pekee nilioufanya katika utumishi wangu, na sijautubu.

Bwana Dresa alirudi mvua zilipokwisha. Aliteremka kwenye lori taratibu, amekuwa mwembamba, nywele nyeupe, kaptula inamcheza kiunoni. Lakini alisimama wima, na macho yake yalikuwa yanaona. Idara haikumwandikia kwamba hafai. Labda ni daktari aliyewaandikia vizuri, labda ni bahati ya karatasi, sikuwahi kujua. Walimwondoa kwenye hadubini na wagonjwa, wakampa stoo ya hospitali Mpanda. Alikuwa amekuja kumchukua mke wake na vitu vyake.

Jioni hiyo tulikula wote wanne mbele ya nyumba yake. Alipomaliza kunawa akaniambia, "Kesho nipeleke kwa yule mwenye mizinga."

"Ni mbali, mzee. Hujapata nguvu."

"Nitakaa nyuma ya baiskeli."

Tukaenda. Penye mchanga mwingi nilishuka nikamsukuma, naye alikaa ameshika tandiko. Tulimkuta yule mtu chini ya mti, anapaka nta ndani ya mzinga. Alinitambua mimi. Bwana Dresa alikuwa mgeni kwake. Tukasalimiana, tukapewa vigoda.

"Mimi ndiye niliyesoma kioo cha mke wako," Bwana Dresa akasema. "Nilikuwa naumwa malale mwenyewe. Nilijua naumwa, nikajificha, nikaendelea kusoma damu za watu."

Yule mtu aliacha kupaka.

"Na wewe umepona?"

"Nimepona."

"Yeye hakupona."

"Ndiyo."

Kisha yule mtu akauliza, si kwa ukali, "Umekuja kutaka nini?"

"Sikuja kutaka kitu. Ulikuwa hujaniona. Nimeona unione."

Alimtazama kweli, kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu anayepima mti kabla ya kuupanda. Halafu akaanza kutueleza kuhusu mke wake. Kwamba hakuogopa nyuki hata kidogo, alikuwa anawasha moshi na kusimama chini ya mzinga bila kujifunika. Kwamba alikuwa na kicheko cha nguvu, ukiwa porini unakisikia kabla hujamwona. Kwamba siku ile ya kupimwa alirudi amefurahi, akapika, kwa kuwa ameambiwa ni mzima. Bwana Dresa alisikiliza yote, mikono juu ya magoti, machozi yakimtiririka na yeye asiyafute. Alipokwisha kusema, yule mtu akachukua nta yake.

"Sina zaidi," akasema. "Nendeni kabla jua halijawa kali."

Hakutusindikiza. Bwana Dresa hakutaka kupanda baiskeli; tulitembea, tukipumzika mara kwa mara kivulini.

Lori la kwenda Mpanda lilikuja kesho yake asubuhi. Tulipakia kitanda, masanduku mawili, tenga la kuku. Wake zetu walishikana wakalia, kisha wakacheka kwa kulia kwao. Bwana Dresa alinipa mkono, akaushika wangu kwa muda, akapanda akaketi karibu na dereva. Lilipopotea miomboni nikageuka. Bandani watu walikuwa wamekwisha kujaa kwenye mabenchi, na jua lilikuwa linaingia vizuri dirishani. Nikamwita wa kwanza.